Unyayo wa Fundi Birindwa

Birindwa alifika Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, mwishoni mwa mwaka 1996, majuma machache baada ya vita kuingia Bukavu. Alivuka mto Rusizi na mkewe Nsimire, binti zao wawili, na mfuko wa turubai. Wenzake wa safari walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba nyundo, sindano nene, kopo la gundi na kile chuma kizito ambacho mafundi viatu hugongea soli. Dada yake Nsimire alikuwa ameolewa mtaani kwetu, akawapa chumba cha uani. Siku ya tatu Birindwa akaja dukani kwangu.

Mimi ni Yahaya, muuza vitambaa, na baba yangu aliuza vitambaa palepale kabla yangu. Birindwa alivua kofia, akaomba akae barazani pembeni ya mlango ili watu wajue kuna fundi. Nilimwambia ukweli, kwamba amekimbia vita na kuja kwenye vita. Milimani kulikuwa na waasi, jioni watu walifungiwa majumbani kwa amri, na nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka hata sabuni ikawa kitu cha kutafutwa.

"Vita iko kila mahali, muzee," alinijibu. "Lakini watu wanatembea tu. Wakitembea, viatu inachakaa."

Nikamwonyesha pa kukaa, na hapo ndipo alipokaa miaka yote iliyofuata.

Alikuwa mtu mnene, mwenye mabega mapana, na akicheka mabega ndiyo yaliyocheka kabla ya mdomo. Aliwajua watu kwa viatu vyao. Aliweza kushika kiatu cha mtu asiyemfahamu akasema huyu ni mwalimu, tazama vumbi la chaki kwenye mshono. Huyu ana mguu mmoja mfupi na hajui. Huyu mama anabeba mzigo mzito kichwani, visigino vimelala. Baada ya mwaka mmoja wateja wake walikuwa wengi kuliko wangu, na waliokuja kushona viatu waliondoka na vitambaa. Hatukuwahi kuzungumza habari ya kodi.

Mwaka 1999, wakati wa mvua za Machi, alianza kunywa maji. Kidumu cha lita tano alikimaliza kabla ya adhuhuri, akaagiza kingine. Choo changu cha uani alikiendea mara nyingi hata nikampa ufunguo wake mwenyewe. Akakonda. Katika miezi miwili alitoboa matundu manne mapya kwenye mkanda wake, kwa kifaa chake mwenyewe. Yeye na Nsimire waliamini ni sumu, kwamba kuna mtu amemtilia kitu kwenye pombe. Nsimire alimchemshia majani machungu wiki nzima. Alipoanza kukosea shabaha ya nyundo, nilimpakia kwenye teksi nikampeleka hospitali.

Siku ile ukumbi wa hospitali ulikuwa umejaa majeruhi, wengine wamelazwa sakafuni juu ya mikeka. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpima, akasema ni ugonjwa wa sukari, akampa vidonge vya mwezi mmoja na karatasi iliyoandikwa Kifaransa, akamwambia asile sukari. Yote hayo yalichukua muda wa chai kuchemka. Simlaumu. Kulikuwa na watu wenye risasi mwilini wanamngoja.

Birindwa alitoka akifurahi kwamba si sumu. Kuanzia siku hiyo alikunywa chai bila sukari, uso ameukunja kama anayemeza kwinini. Fanta aliendelea kunywa, kwa sababu kwake Fanta ilikuwa Fanta, haikuwa sukari. Vidonge alimeza kila asubuhi hadi kile cha mwisho, akalitikisa boksi, akamshukuru Mungu.

"Dawa imeisha, ugonjwa imeisha," aliniambia. "Sawa na malaria."

Nami niliyesoma, niliyefungua gazeti kila siku, nilimpongeza. Baada ya miezi miwili kidumu cha maji kilirudi barazani.

Safari hii walimgombeza hospitali, kisha wakamwelekeza kwenye dispansere ya masista, zahanati ndogo upande wa Bwiza, ambako kila Alhamisi asubuhi muuguzi mmoja alifundisha watu wa sukari. Jina lake Adélaïde. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya haraka, na sote tulimwita Madamu. Mara za kwanza nilimsindikiza Birindwa kwa sababu alikuwa dhaifu. Baadaye nilikwenda kwa sababu nilizoea, na duka langu asubuhi halikuwa na watu.

Chumbani kulikuwa na mabenchi manne na mizani ya kupimia uzito. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja. Madamu Adélaïde alishika karatasi ya Kifaransa, akaisoma mstari kwa mstari, akitafsiri kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili. Vidonge ni vya maisha. Bugali ipungue, mboga ziongezeke. Mtu atembee kila siku. Mtu atazame miguu yake kila siku. Mwisho aliuliza kama tumeelewa, na watu wote wakaitikia ndiyo, Madamu. Sauti ya Birindwa ilikuwa juu kuliko zote.

Tena alitii. Vidonge hakuacha tena. Nsimire alimpunguzia bugali, akamjazia mboga za lengalenga na sombe. Jua likichomoza alitembea kutoka avenyu ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi, akisalimia kila mlango, kwa sababu wakati ule kutoka nje ya mtaa asubuhi mapema halikuwa jambo la kufanyia mchezo. Na miguu aliitazama. Nilikuwa nikija kufungua duka namkuta ameketi, suruali imekunjwa hadi juu ya goti, anageuza mguu kwenye jua taratibu kama mtu anayechagua nyama. Akimaliza mmoja, anashusha mguu huo wa suruali, anapandisha wa pili.

Miezi ikapita hivyo. Jumanne moja Nsimire aliona matone sakafuni nyumbani, akadhani mumewe amemwaga rangi ya viatu. Aliyafuata kutoka mlangoni hadi kitandani. Msumari mdogo, wa aina anayotumia Birindwa mwenyewe kugongea visigino, ulikuwa umepenya soli ya kiatu chake na kuingia unyayoni. Alikuwa ametembea nao kutwa nzima. Hakusikia kitu.

Alhamisi tulikwenda watatu, Nsimire amebeba kile kiatu mkononi kama ushahidi. Birindwa aliona aibu, fundi viatu kuchomwa na msumari wake mwenyewe. Madamu Adélaïde alisafisha kidonda mbele yetu sote. Ndipo akamuuliza, si kwa ukali, kama hakumwambia atazame miguu kila siku.

"Ulisema, Madamu," alijibu Birindwa. "Na mi minatazama. Hata leo nilitazama."

Nilimwona Madamu akitaka kujibu haraka kama kawaida yake, kisha akajizuia. Akamwambia, "Hebu nionyeshe unavyotazama."

Birindwa akapandisha suruali. Akatazama goti, akatazama muundi, akageuza akatazama shavu la mguu, akapapasa nyuma ya goti, bila haraka, kazi safi. Akashusha suruali. Watu kwenye mabenchi walitikisa vichwa kumkubali.

"Na chini?" aliuliza Madamu.

"Chini wapi?"

"Pale unapokanyagia."

Birindwa akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Pale ni unyayo, Madamu. We ulisema muguu."

Hakuna aliyecheka. Madamu Adélaïde aliweka chini sufuria ndogo ya maji, akawaomba wengine nao wamwonyeshe, mmoja mmoja. Kati ya kumi na mmoja, saba walifunua magoti. Mzee mmoja alisema yeye huitazama anapooga, na bafu yao haina dirisha. Madamu aliketi kwenye ukingo wa meza. "Miezi minane ninafundisha," alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, na hapo chumba kizima kikacheka, na mabega ya Birindwa yalicheka kuliko yote, kile kidonda kimefungwa bandeji nyeupe.

Tangu siku ile hakuuliza tena kama tumeelewa. Karatasi ya Kifaransa ilibaki mezani. Alisema nionyeshe, au alisema mwambie jirani yako kama utakavyowaambia nyumbani. Humo mengi yalijitokeza. Mama mmoja alikuwa ameacha sukari akahamia kwenye asali, tena kwa vijiko vikubwa. Mwingine alimeza vidonge siku alizojisikia vibaya tu. Zamu ya Birindwa ilipofika, alieleza chakula chake cha siku kwa fahari, sahani kwa sahani, na mwishoni akataja Fanta mbili za mchana. Nsimire akageuka polepole kumtazama. Fanta hakuwa akizinywa nyumbani.

Siku ya kidonda nilirudi dukani nikiwaza habari za mama. Marehemu mama yangu, Allah amrehemu, alianza na kidole cha mguu mwaka 1984. Kilikuwa cheusi na hakikumuuma, nasi tulimsifu kwa uvumilivu. Kisha wakakata kidole, kisha mguu, na hakumaliza mwaka. Hakuna aliyetuambia ni kwa nini, na sisi hatukuuliza, tuliona ni mipango ya Mungu. Nilimsimulia Birindwa mambo hayo barazani. Alisema, "Pole, muzee," akaiacha nyundo chini, akakaa nami muda mrefu bila kuishika, ingawa kulikuwa na watu wanangoja.

Kidonda kilichukua wiki sita kufunga. Birindwa hakuweza kuinama vizuri kwa sababu ya tumbo, lililokuwa limemrudia tangu ashike dawa, basi Nsimire alinunua kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akakilaza sakafuni karibu na mlango penye mwanga. Kila asubuhi mumewe aliinua mguu juu ya kioo, unyayo mmoja kisha wa pili, na Nsimire alisimama pembeni akihakiki. Alijifunza haraka kuliko mumewe. Alhamisi alikuja daima, na maswali yake ndiyo yaliyomfanya Madamu afikirie kabla ya kujibu.

Birindwa naye alianza tabia mpya kazini. Kabla ya kushona kiatu chochote alitia mkono ndani, akapapasa hadi kwenye vidole, kisha akachungulia. Alitoa vijiwe, vichwa vya misumari, mara moja jino la kitana. Wateja walidhani ni ustadi wa Kikongomani.

Siku moja mwaka 2001 alikuja Bwana Gaspard, mtu wa Mutanga Nord, mtaa wa matajiri kule juu, mkuu wa ofisi katika wizara moja kule Rohero. Alishonesha viatu kwetu kwa sababu, alisema, mjini kote hakuna mshono kama wa Birindwa. Alileta viatu vyeusi vya ngozi, akavaa kandambili akingoja, soksi bado miguuni. Birindwa alitia mkono katika kiatu cha kulia akatoa kifuniko cha chupa kilichokanyagwa mpaka kikawa bapa. Akageuza kiatu kwenye mwanga, akanusa, akatazama soksi ya mtu yule.

"Patroni, hii kitu ulisikia?"

Gaspard hakusikia kitu, wala hakukumbuka ni lini kiliingia. Birindwa alimwambia kwa sauti ya chini, ili wapita njia wasidake, kwamba mtu asiyesikia kifuniko cha chupa unyayoni inafaa akapime sukari.

"Nimekuletea kiatu, fundi," alisema Gaspard. "Sikukuletea mguu."

Alivaa viatu vyake vilivyoshonwa, akaondoka bila kuaga. Birindwa alisikitika siku mbili. Alidhani amepoteza mteja mzuri, na zaidi ya hapo aliogopa kwamba mtu yule hatakwenda.

Wiki ya tatu Gaspard alirudi bila viatu vya kushona. Akaketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa amepima, na kiwango alichokitaja kilimfanya hata Nsimire aweke chini kikapu. Alikuwa pia amepata kitabu cha Kifaransa juu ya ugonjwa huo, akakisoma chote, na sasa hakula vizuri wala hakulala, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa na jambo baya zaidi. Alianza kutueleza sura ya macho, sura ya figo. Birindwa alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

"Toa soksi," alimwambia.

Basi mchana ule, watu wakipita na kukodoa macho, mkuu wa ofisi alikaa barazani kwangu akiinua unyayo juu ya kioo alichokileta Nsimire, na fundi viatu akimwelekeza: katikati ya vidole kwanza, kisha kisigino, kisha pembeni. Kulikuwa na mchubuko mdogo tu. Nadhani nilimwona Gaspard akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alhamisi iliyofuata alikuja dispansere na kalamu mbili. Madamu alimweka karibu na yule mama wa asali, na kila walipoulizana, mama ndiye aliyejua zaidi habari za chungu na sahani, kwa sababu Gaspard alijua kila kitu isipokuwa kilichoingia kwenye sufuria ya nyumbani kwake.

Julai mwaka 2003 mabomu yaliangukia mji. Kwa wiki moja mitaa ya kusini ilihama, watu wakitembea na vifurushi kuelekea katikati. Madamu Adélaïde aliishi Musaga, mmoja wa mitaa hiyo, na hatukujua yuko wapi. Alhamisi dispansere ilikuwa na kufuli. Mimi nilikuwa nimefungua nusu ya mlango tu, na Birindwa alikuwa mahali pake, maana watu waliokimbia walikuwa wamekatikiwa na kamba za viatu. Tukaona wa kwanza anakuja, kisha wa pili, kila mmoja ametoka kwenye lile geti lililofungwa, bila kupatana. Walifika sita. Gaspard alitembea kwa miguu toka Mutanga Nord.

Birindwa aliwauliza nani ana dawa na nani hana, na wenye nyingi wakawagawia wenye chache waliokuwa na dawa ileile. Alikuwa bado anauliza alipogeuka ghafla kumtazama mmoja wao. Yule mama wa asali alikuwa amelowa jasho, mikono inatetemeka, na aliyoyajibu hayakuhusu swali. Mwanawe alikuwa amehamia kwake na familia yake yote, chakula cha jana walikula watoto, na yeye asubuhi alimeza kidonge chake tumboni hamna kitu.

Nsimire alikuwa tayari ndani ya duka. "Muzee Yahaya, sukari," aliniambia. "Vijiko tatu, kwa chai." Nilisita, sukari kwa mgonjwa wa sukari. "Ndiyo," alisema. "Ya kwake ya damu imeshuka sana."

Nilitoa. Mama yule alikunywa, akakaa, na muda si mrefu akauliza kandambili zake ziko wapi na kwa nini tunamtazama hivyo. Nsimire alimpa maharage na kipande cha muhogo vilivyokuwa chakula cha mchana cha Birindwa. Birindwa akawakumbusha wote maneno ya Madamu, kwamba kidonge kile kinakwenda pamoja na chakula, hakitangulii peke yake. Kisha akamwomba Gaspard ayarudie kwa maneno yake mwenyewe, na Gaspard akayarudia.

Alhamisi ya pili dispansere ilikuwa bado imefungwa, nao wakaja tena barazani. Birindwa alikuwa akieleza habari ya kuosha miguu nilipomwona mwanamke mwembamba amesimama kwenye kona, mfuko begani. Madamu Adélaïde na watu wake walikuwa wamejihifadhi kwa ndugu huko Ngagara. Nilitaka kumwita, akaweka kidole mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Watu walipomgundua walisimama wote, na yule mama alimshika mikono asimwachie.

"Tulikosea wapi, Madamu?" aliuliza Birindwa.

Alifikiri. "Mahali pamoja tu. Umesema maji ya moto mtu ayapime kwa mguu. Apime kwa kiwiko. Mguu wenu unadanganya."

Birindwa alikubali, akaomba aonyeshwe, akaonyesha wengine. Toka mwezi ule, darasa la Alhamisi moja kila mwezi lilifanyika barazani kwangu, kwa matakwa ya Madamu mwenyewe, na watu wasiowahi kupima walisimama kusikiliza huku wakijifanya wanachagua vitambaa.

Mwaka 2005, baada ya uchaguzi, barabara zilianza kupumua. Jumapili moja ya Agosti Birindwa alisema amechoka kutembea avenyu zilezile miaka sita, anataka kutembea mpaka Kibenga kwenye ziwa Tanganyika. Tukaenda, yeye na Nsimire, mimi, na Gaspard aliyevaa kofia ya majani. Hatukuharakisha. Njiani hakuna askari aliyetuuliza tunakwenda wapi, na jambo hilo tulilitaja zaidi ya mara moja.

Pwani ilijaa familia. Sisi wengine tulivua viatu, hata Gaspard alivua dakika moja, akakumbuka kwamba Madamu amewakataza kutembea pekupeku, akavaa. Birindwa aliingia kwenye mchanga na viatu vyake na soksi, kamba zimefungwa, watu wakimtazama mtu mnene aliyekuja ziwani kama anakwenda kanisani. Hakujali. Aliketi juu ya kanga ya Nsimire, akala samaki aina ya mukeke wa kuchoma na kachumbari nyingi, na kipande kimoja cha ndizi alichopimiwa na mkewe. Alipomaliza alilamba vidole, akatazama milima ya upande wa Kongo, ambayo siku ile ilionekana wazi.

"Mi niko muzuri," alisema, bila kuulizwa na mtu.

Kisha akalala chali, kofia usoni, na tulimwacha alale mpaka jua lilipoanza kupoa.